Asante ya Kinyozi

4 Februari

Mdogo wangu Kipara,

Salamu kwanza, magomvi baadaye. Sisi huku wazima. Shemeji yako bado anatengeneza mashine za fotokopi za maofisi ya watu na kurudi nyumbani na wino hadi masikioni. Juzi kampa mkono meneja wa benki, akamwachia alama ya dole gumba jeusi kwenye mkono wa shati. Binti yetu kaingia mwaka wa tatu wa sheria, na sasa ananibishia mezani mpaka chakula kinapoa, nami naonja dawa yangu mwenyewe. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Wifi hajambo? Ile cherehani yake bado inakula uzi?

Sasa sikiliza. Tarehe 26 Machi napanda jukwaani, ukumbi wa manispaa, kujibizana na Mhubiri. Unamjua, yule wa suti nyeupe anayetokwa na jasho kwa mpangilio. Mada imeshabandikwa: "Pasipo imani, pana hisani?" Yeye atasema hapana. Atawapangia watu vituo vya yatima, visima, magunia ya unga, kisha atauliza, "Na hawa wasioamini, wamejenga nini?" Ukumbi utapiga makofi. Miaka kumi na tisa naandika safu ya Msumeno, na miaka kumi na tisa naulizwa swali hilohilo na watu waliojenga kwa michango ya wajane.

Safari hii nataka kumjibu kwa mtu, si kwa hoja. Nimekukumbuka wewe. Kinyozi asiyemwomba Mungu yeyote, ambaye kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi wenzake wamefunga na kulala, anabeba sanduku lake kwenda kuwanyoa wazee bure. Niandikie: unakwenda wapi, unafanyaje, wao husemaje. Kurasa mbili zinatosha.

Najua jibu lako la kwanza ni hapana. Ukipigiwa simu unapumua tu, ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi huna pa kupumulia.

Dada yako

Nimesahau: Baba yuko wapi siku hizi? Nauliza tu.


26 Februari

Shikamoo dada,

Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu na anasema cherehani haili uzi, inaomba mafuta, na anayetakiwa kuyanunua ni mimi. Dukani kioo kikubwa kimepata ufa wa kushuka. Wiki iliyopita mteja alipiga kelele kwamba nimempandisha sikio moja juu ya jingine. Nikamsogeza kidogo kushoto, masikio yakarudi mahali pake. Amekuwa akinitangaza mtaani kwamba nina dawa.

Umeniuliza mambo mawili, na jibu lake ni moja.

Nyumba ya wazee ninayokwenda ni ya jumuiya ya ibada ya Baba, na ndiko aliko, huu mwaka wa pili. Sukari imemaliza macho yake yote mawili. Wamempa kitanda cha dirishani, dirisha asiloliona. Wako wazee kumi na mmoja chumba kimoja. Ninapowafuata kwa mpangilio wa vitanda, yeye ni wa nane. Namshika bega, naanza kazi. Sisemi kitu. Hajui ni mimi.

Unakumbuka alivyosema. Nilipovunjika mguu, yule fundi wa mitambo ya nguo aliyelazwa kitanda cha jirani alinifundisha kukaa kimya na kuhesabu pumzi, akaniachia sanamu ndogo ya Budha ya mbao. Baba akanikuta nimekaa mbele yake. Akawaita wazee wa ibada wawe mashahidi, akasema mkono unaoinamia gogo hautagusa uso wake akiwa hai. Na neno la Baba mbele ya wazee wa ibada ni msumari kwenye zege. Angejua ni mimi, angenikataa. Basi namnyoa, na ninapomaliza nasema neno moja tu, kwa sauti ya chini: asante.

Hilo nalisema kwa wote. Ndivyo alivyonifunza yule fundi: anayetoa ndiye anayeshukuru, kwa sababu mwenzake amempa nafasi ya kufungua kiganja. Mwanzoni wazee walicheka. Mmoja alisema, "Kinyozi, umepigwa jua? Aliyenyolewa si mimi?" Siku hizi wamezoea. Nikisema asante, mzee ananyoosha shingo na kujibu, "Haya," kama bosi.

Kuhusu mjadala wenu: usinihesabu upande wako. Kutomwomba Mungu hakunifanyi kuwa askari wako. Yeye anasema anatoa kwa ajili ya Mungu, wewe unasema unaweza kutoa bila Mungu, na nyote wawili mnamtazama mtoaji. Kidevu hakuna aliyekiuliza. Mnabishana wembe umeshikwa na mkono gani, na povu linakauka usoni pa mtu. Sisi wafuasi wa Budha tunafundishwa kutoa mpaka umsahau aliyetoa, uisahau zawadi, na umsahau aliyepokea. Mimi sijafika hata nusu ya njia hiyo. Lakini najua kwamba zawadi ikipandishwa jukwaani haishuki ikiwa zawadi.

Kwa hiyo usiiandike, dada. Wala usiiseme. Nimekuambia kwa sababu umeuliza Baba yuko wapi, na tangu mwaka ule hukuwahi kuuliza.

Mdogo wako


9 Machi

Kipara,

Wote wazima. Goti pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia, na ukimwambia mtu nitakana. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilishika kalamu nyekundu, na haya ndiyo matokeo yake.

Kuficha wema ni anasa ya watu wasio na maadui. Tenda wema nenda zako, sawa, nimefundishwa hilo kabla sijaota meno ya utu uzima. Lakini wewe ukienda zako, Mhubiri anakuja nyuma yako na kupiga muhuri wake. Nyumba hiyo ya wazee ipo kwenye orodha yake, unajua? Ameitaja redioni. Wazee kumi na mmoja, wasafi, wamenyolewa, wanatunzwa na imani. Wamenyolewa na nani? Na wewe. Kila Jumatatu unampigia pasi suti yake nyeupe, na bado unaniambia nisiseme.

Unasema zawadi jukwaani inageuka. Mwenzangu amebeba rungu miaka thelathini, mimi nije na ua? Na hiyo asante yako ya kinyumenyume, samahani. Asante ya punda ni mateke; ya kwako sijui ni ya mnyama gani. Mtu akikunyoa bure, mshukuru, basi. Mengine ni kutaka kuwa mnyenyekevu kuliko wote chumbani.

Tena Ubudha wako usijifanye malaika. Nimesoma, usidhani ni wewe tu. Huko nako kuna matajiri wanaojenga mahekalu ya dhahabu wakingoja kuzaliwa tena kwenye nyumba yenye ghorofa zaidi. Hisani ya kuwekeza ni ileile, iwe malipo ni mbinguni au ni maisha yajayo. Kama huko kwenu kuna mtu anayetoa na kumsahau mtoaji, ni mmoja, naye ana duka lenye kioo kibovu. Ndiyo maana namtaka.

Kuhusu Baba, sina la kusema.

Usiogope. Sitataja jina la mtu. Hilo nakuahidi.

Dada yako


2 Aprili

Mpendwa Kipara wangu,

Salamu kwako, kwa wifi, kwa kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chako leo. Huku nyumbani ni kama sikukuu. Shemeji yako kanawa mikono.

Tumeshinda.

Nikueleze kwa mpangilio. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Mhubiri alianza na visima, akaja kwenye magunia, akaja kwenye yatima, jasho likitoka pale linapotakiwa kutoka. Kisha akanigeukia. "Dada yangu," akasema, maana hawa huniita dada kabla ya kunichinja, "nyie mmejenga nini?"

Nikasimama. Nikasema: Mhubiri, yuko mzee kipofu, mtu wa imani, katika nyumba ya waumini. Amelala kando ya dirisha asiloliona. Aliapa mbele ya mashahidi kwamba mkono wa mwanawe asiyeamini hautagusa uso wake. Na kila Jumatatu mkono huohuo unamnyoa, taratibu, bila malipo, na mzee hajui. Mwana akimaliza, ndiye anayesema asante. Sasa niambie, kati ya hao wawili, nani mwenye hisani na nani mwenye imani tu?

Mama mmoja mstari wa mbele alifuta macho kwa tiketi yake. Mhubiri akanywa maji. Akanywa tena. Akasema, "Hadithi nzuri." Nikamwambia, "Si hadithi. Ni Jumatatu." Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka.

Gazeti la Jumamosi limeitoa ukurasa wa mbele, kipande nimekiweka humu ndani. Redio wameshanipigia. Watu wananisimamisha barabarani kuniambia wamekwenda kuwatembelea wazee wao. Umeona? Umewafikia watu usiowajua, kwa wembe mmoja.

Sikutaja jina. Sikutaja mji. Niliahidi, nimetimiza.

Jivunie kidogo. Budha hatakuona.

Dada yako


30 Aprili

Kipara,

Hatujambo. Mvua imeanza, dari ya jikoni inavuja palepale ilipovuja mwaka jana, na shemeji yako, anayeweza kufungua mashine yenye vipande mia tatu, anaweka ndoo.

Hujajibu. Nilipiga simu, wifi akapokea, akasema umetoka. Nikasikia mkasi nyuma yake. Duka na sebule yenu ni mlango mmoja, na wifi si mwongo mzuri.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Mimi na wewe tumekuzwa na mtu aliyenyamaza wiki nzima kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Usimrithi na hilo.

Au Jumatatu kuna kitu kimetokea?

Dada yako


19 Mei

Shikamoo dada,

Wifi yako hajambo. Anaomba radhi kwa ule uongo, anasema alijua utausikia mkasi. Kioo nimekibadilisha. Wateja wanalalamika kwamba sasa wanajiona walivyo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nyingine zilikuwa na matusi, nikazichana. Hii haina, lakini usidhani yameisha.

Jumatatu baada ya gazeti lako nilikwenda kazini kama kawaida. Sikuwa nimelisoma, bahasha yako ilikuwa haijafika. Kule msimamizi ni mama mmoja mwenye sauti nene na moyo mwema, na Jumamosi baada ya chai huwasomea wazee gazeti. Aliusoma ukurasa wako bila kujua anachosoma. Alinieleza mwenyewe mlangoni, ameshika kichwa. Alisoma mzee kipofu, akasoma nyumba ya waumini, akasoma Jumatatu, na alipofika kwenye dirisha ulimi ukalitamka wenyewe kabla hajaukamata.

Hukutaja jina, dada. Ulitaja dirisha. Chumba kile kina dirisha moja.

Wenzake kumi wakamgeukia. Mmoja akasema, "Kumbe mwenzetu unanyolewa na mpagani," na wengine wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wazee wakikaa chumba kimoja hurudi darasa la pili. Baba aliomba ageuzwe upande wa ukuta.

Nilipofika zamu yake nilimshika bega. Nikafungua sanduku. Kabla sijachovya brashi, aliinua kiganja, hivi, kama anazuia gari, akasema, "Asante."

Haikuwa asante yangu. Ilikuwa ile ya mtu anayesogezewa sahani naye hataki kula. Kwa lugha yetu neno ni hilohilo, la kupokea na la kukataa, na miaka yote hii nilikuwa nikiligawa Jumatatu bila kusikia upande wake wa pili.

Nikasema, "Haya." Nikaenda kwa wa tisa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nilikuandikia kwamba hajui. Alijua. Unasahau aliyenifundisha kunyoa. Ni nani mwingine anayeanzia chini ya sikio la kushoto, na kufuta wembe kwenye taulo la bega lake mwenyewe badala ya bega la mteja? Kanifundisha yeye, nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kidevu chake. Jumatatu ya pili tu, nikiwa shavuni, aliuambia ukuta, "Ngozi inavutwa kwa dole gumba, si kwa kucha." Hayo ndiyo maneno yake kwangu tangu utoto, hakuyabadilisha hata herufi. Nikavuta kwa dole gumba. Hakusema tena.

Alikuwa amepata njia, dada. Mzee mwenye kiburi kama chake, kipofu, ametafuta gizani akapata upenyo wa kupitisha mwanawe bila kuvunja neno lake: hakuna aliyemwambia mkono ni wa nani. Alichohitaji ni watu wasiseme. Alipojua peke yake aliweza kupokea. Walipojua wote, ilibidi akatae. Hicho ndicho ulichokipandisha jukwaani. Ulisema mzee hajui, na ulikuwa mtu pekee katika habari ile yote ambaye hakujua.

Bado sijamaliza. Wiki mbili baadaye wakaja watu wa Mhubiri na kamera, kukujibu. Walileta mashine ya umeme ya kunyolea, mpya, ina utepe. Wakamkalisha Baba kwenye kiti, taa usoni, kana kwamba taa inamsaidia yeye, wakamnyoa shavu moja huku mtu akieleza hisani ya waamini. Umeme ukakatika. Wakasubiri kidogo, wakafunga vitu vyao, wakaondoka. Mashine wakaondoka nayo, maana walikuwa na nyumba nyingine ya kupiga picha jioni. Baba alikaa na shavu moja siku nne, mpaka msimamizi alipomsawazishia kwa mkasi. Mkono wangu mimi hautaki. Nimemwuliza kila Jumatatu kwa kumshika bega, na kila Jumatatu kiganja kinapanda.

Najua tayari umeona safu nzuri hapo. Usiiandike.

Nami sijioshi. Ulisema natafuta kuwa mnyenyekevu kuliko wote chumbani. Lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na siri nzuri nikataka mtu mmoja aione. Mtu asiyetaka sifa haandiki barua iliyopangika kama ile. Na ya mahekalu ya dhahabu, ni kweli pia. Shinda na hilo.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Nimekaa na barua yako wiki nzima, naandika majibu na kuyatupa. Ya kwanza ilikuwa dhidi ya Baba. Mzee anayechagua ndevu kuliko mwanawe, mbele ya wazee kumi wasio na meno, ili asichekwe. Niliandika kurasa tano, na zote zilikuwa nzuri, hicho ndicho kilichonitisha. Ya pili ilikuwa dhidi yako: kwa nini ulinidanganya? Ungeniambia anajua, ningenyamaza. Kisha nikajiuliza kama kweli ningenyamaza. Ningesema, kumbe wanapendana, hadithi imezidi kunoga.

Nitakuambia kitu nisichokiandika popote. Siku aliponitoa nyumbani kwa sababu ya ile makala yangu ya kwanza, na wewe ukiwa umeshatolewa miezi michache kabla, aliwaambia wazee wa ibada kwamba ana watoto wawili waliokufa na bado wanatembea. Niliisikia kupitia dirisha la jikoni, nimeshika begi. Tangu hapo naijibu sentensi hiyo. Kila mhubiri niliyembwaga jukwaani alikuwa na kidevu cha Baba. Nilipokuwa nawaeleza watu wa ukumbini habari za mzee kipofu, nilifurahi, Kipara. Si kwa ajili ya hoja. Nilifurahi kwamba kuna mahali anapigwa naye hawezi kujibu.

Haya, umelijua.

Niambie nifanye nini. Naweza kuomba radhi kwenye safu, nusu ukurasa, gazeti watakubali. Au nije. Nije, nikae kando ya kitanda chake anitukane, labda akishanitukana mimi atakuruhusu wewe. Tarehe 21 nina mjadala wa redio niliowaahidi tangu Aprili, siwezi kuutoroka. Nikiumaliza, nakuja wiki hiyohiyo.

Mwambie. Au usimwambie. Wewe unajua zaidi kunyamaza.

Dada yako


28 Juni

Shikamoo dada,

Wifi yako hajambo.

Baba alifariki tarehe 21, asubuhi, saa nne. Msimamizi aliniita nikafika akiwa bado na joto. Nilikupigia dakika ileile. Akapokea mwenzako wa ofisini, akasema, "Yuko hewani sasa hivi, anajadili hisani. Nimwachie ujumbe?" Nikamwambia asante, nikakata. Simu ya jioni unayoikumbuka, uliyosikia kilio cha wifi yako kabla ya maneno, ilikuwa ya pili. Najua ulifika stendi usiku ukakuta basi limeondoka, na asubuhi walizika bila kukusubiri. Ni jumuiya yake. Wao ndio waliopanga mazishi, wao ndio waliomwosha. Mimi nilisimama nje ya chumba na sanduku langu. Nikamwomba mzee wao anipe robo saa tu, nimwondolee ndevu, asiende vile. Alikuwa mtu mzima mwenye huruma. Aliniambia, "Mwanangu, mwenyewe alishasema."

Zilikuwa zimemfunika mashavu na kidevu, nyeupe, upande mmoja mfupi kidogo.

Mhubiri alikuja. Suti nyeupe mpaka kaburini. Akasema huyu tunayemzika aliletewa hisani yenye sumu, mkono laini wa wasioamini, na akiwa kipofu aliona kuliko wenye macho, akaukataa mpaka pumzi ya mwisho. Watu wakaitikia. Nilikuwa hatua kumi nyuma yao, karibu na majembe.

Kwa hiyo mmegawana. Wewe ulichukua wembe, yeye amechukua ndevu. Baba hakubakiwa na kitu cha kwenda nacho.

Radhi ya nusu ukurasa siitaki. Ukiandika chochote juu yake, hata neno zuri, nitajua.

Ninapokaa asubuhi mbele ya ile sanamu, napaswa kuwatakia heri watu wote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa karibu. Nikifika kwako nakwama. Nakaa hapohapo mpaka miguu inakufa ganzi, kisha naenda kufungua duka.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu,

Sina habari za nyumbani zinazofaa kutangulia.

Safu sijaipeleka wiki tatu. Mhariri anadhani naumwa, naye hajakosea sana.

Waandaaji wa mjadala waliniandikia mapema mwezi huu. Wanataka mzunguko wa pili, mimi na Mhubiri, ukumbi mkubwa zaidi, mada "Hisani ya nani huishinda mauti?" Mhubiri ameshakubali, na najua atakuja na nani mdomoni. Nilitaka kuwatukana. Nikakumbuka kiganja kilichoinuliwa, nikawajibu neno moja: asante.

Wamelielewa vibaya. Wamebandika mabango. Leo asubuhi nimepita mbele ya moja, ukuta wa posta, uso wangu na wake tumetazamana kama maharusi, na chini kabisa, tarehe. Nilisimama hapo nikacheka peke yangu mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sitakwenda. Watasema nimekimbia, na Mhubiri atakiuliza kiti changu kitupu kimejenga nini. Aulize.

Sasa nina ombi, na nimejaribu kuliandika bila hoja ndani yake. Wamebaki wazee kumi. Naomba niwe nakuja Jumatatu. Wembe sijui kushika, mara ya mwisho niliposhika nilikuwa na miaka saba, na kovu la chini ya mdomo wa Baba lilikuwa kazi yangu. Yeye aliwaambia watu aliteleza. Lakini naweza kukoroga povu. Naweza kukung'uta mataulo, kuchemsha maji, kuwashika wazee kichwa wanaposinzia. Sitaleta kalamu. Sitasema mimi ni nani. Ukisema asante kwa wazee, mimi nitakuwa nyuma, sitasema kitu.

Siombi unisamehe. Naomba kazi.

Niambie nije au nisije.

Dada yako


6 Agosti

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Cherehani ya wifi yako imekufa kabisa, sasa anashona kwa mkono na kuniangalia. Wazee nao wazima, isipokuwa wa nne, anakohoa. Kitanda cha dirishani wamempa mzee mgeni, anaona vizuri, anatusimulia kila anayepita nje.

Barua yako nimeipata.

Asante.

Mdogo wako